Kikohozi Nyuma ya Mlango: Mapenzi Yana Kazi Gani Ndani ya Hadithi ya Upelelezi?

Nilipomaliza kuandika hadithi yangu ya kwanza ya upelelezi niliitia ndani ya bahasha ya kaki nikaipeleka Kibokoni, mtaa wa Mombasa, kwa shangazi yangu. Shangazi ni msomaji mkali. Riwaya za upelelezi amezisoma tangu ujana wake, na akishika moja, siku hiyo watu wa nyumba hula viazi vya karai vya kununua. Baada ya siku tatu akaniita. Karatasi zangu zilikuwa juu ya meza, kando ya birika la chai, kona za kurasa kadhaa zimekunjwa.

“Huyu Salma,” akasema, “yuwafanyani humu?”

“Ndiye mchumba wa mpelelezi, shangazi.”

“Uchumba nimeuona, mwanangu. Nakuuliza kazi yake. Ukimtoa, kitaanguka nini?”

Nikafikiri, nikaona hakianguki kitu. Kila baada ya sura mbili Salma alipigiwa simu, wakaenda ufukweni Lighthouse na mpelelezi kula mihogo ya kukaanga na kutazama meli zikiingia, wakapeana maneno matamu, kisha akarudishwa kwao. Muda wote huo maiti imelala mjini, haina wa kuiulizia.

Wapenzi wa hadithi hizi wakikutana hawakosi kubishana: mapenzi yafaa kuwemo au hayafai? Mimi nimechoka na ubishi huo. Swali lenye faida ni lile la shangazi. Yakiwemo, yanafanya kazi gani?

Ubishi wenyewe ni wa kale. Mwaka 1928 mwandishi wa Marekani Willard Huntington Wright, ambaye vitabuni alijiita S. S. Van Dine, alitoa kanuni 20 za kuandika hadithi za upelelezi. Ya tatu ilipiga marufuku mapenzi. Hoja yake ni kwamba shughuli iliyopo ni kumfikisha mhalifu mbele ya sheria, si kuwafikisha wapenzi mbele ya kasisi. Lakini hata yeye alikuwa akirudia neno lililokwisha kusemwa. Katika riwaya ya pili ya Sherlock Holmes, iliyotoka mwaka 1890, Holmes, yule mpelelezi, anamkaripia rafiki yake Watson, anayesimulia visa vyake, kwa kutia mahaba ndani ya kazi ya akili, akisema ni kama mtu kuingiza kisa cha mapenzi katika kanuni ya jiometri. Tazama basi alichofanya mwandishi wao, Arthur Conan Doyle, ndani ya kitabu hicho hicho: Watson anakutana na Mary Morstan, mwanamke aliyekuja kuomba msaada, na kabla ya kurasa kwisha wamechumbiana. Doyle aligawa mambo mawili kwa watu wawili. Akili akampa mmoja, moyo akampa mwenziwe, akawaweka nyumba moja. Huo ni ufundi mkubwa, kwa sababu mapenzi yamo ndani ya nyumba lakini hayamgusi anayefumbua fumbo.

Kwa nini waliyaogopa hivyo? Naona sababu mbili, na zote mbili zina uzito.

Ya kwanza ni mwendo. Hadithi ya upelelezi huenda kinyumenyume. Mtu amekwisha kufa, na kazi ya msomaji ni kurudi nyuma hatua kwa hatua mpaka usiku ule, mlango ule, kikombe kile. Anauliza: ilikuwaje? Mapenzi huenda mbele. Wawili wamekutana, na msomaji anataka kujua watafika wapi. Anauliza: itakuwaje? Ukimfunga ng’ombe mmoja mbele ya mkokoteni na mwingine nyuma, mkokoteni hauendi popote. Ndivyo ilivyokuwa hadithi yangu. Kila safari ya Lighthouse ilimtoa msomaji kwenye usiku wa mauaji, na akirudi huko ilibidi aanze kukumbuka upya nani alikuwa wapi.

Ya pili ni kinga. Hadithi ya upelelezi inataka kila mtu ashukiwe, kuanzia bawabu mpaka mjomba wa marehemu. Mapenzi yanataka mtu mmoja aaminiwe. Mara tu mwandishi anapomfanya mpelelezi ampende fulani, msomaji mzoefu humwondoa fulani kwenye orodha yake, kwani hakuna mwandishi atakayempa shujaa wake mchumba muuaji. Washukiwa walikuwa sita, sasa wamebaki watano, na hakuna ushahidi wowote uliotolewa.

Hapa inabidi nifichue miisho ya vitabu viwili vitatu. Asiyetaka kuijua aruke aya mbili.

Waandishi wenye kipaji waliiona ile kinga wakaigeuza mtego. Dashiell Hammett, katika riwaya yake ya mwaka 1930 kuhusu sanamu ya ndege, alimpa mpelelezi Sam Spade mwanamke wa kumpenda, kisha mwishoni ikawa mwanamke huyo ndiye aliyemuua mshirika wa Spade. Spade akamkabidhi kwa polisi. Agatha Christie alikwenda mbali zaidi mwaka 1937, katika riwaya ya mauaji kwenye meli ya mto Naili. Bibi arusi tajiri ameolewa na mchumba wa rafiki yake, na rafiki aliyeachwa anawaandama fungate nzima kwa chuki mbele ya macho ya watu wote. Bibi arusi anapigwa risasi. Ukweli ukitoka, yule aliyeachwa na yule aliyeoa hawakuwahi kuachana hata siku moja. Walipanga pamoja, kwa ajili ya mali. Dalili ilikuwa mbele ya msomaji tangu mwanzo, lakini akaisoma kama chuki, na kumbe yalikuwa mapenzi.

Kitabu kinachonifundisha zaidi ni cha zamani kuliko hivyo vyote. Wilkie Collins alitoa mwaka 1868 riwaya ya almasi iliyoibwa usiku ndani ya nyumba ya kitajiri Uingereza. Msichana mwenye almasi hataki kusema na polisi. Anamfukuza kijana anayempenda, na mwenyewe kijana hajui kosa lake. Kurasa mamia zinapita kabla ya msomaji kujua kwamba msichana alimwona kwa macho yake kijana yule yule akiichukua. Kwa kuwa anampenda, hakumtaja. Kwa kuwa amemwona, hamtaki mbele yake. Na kijana, ambaye usiku ule alikuwa amenyweshwa afyuni bila kujua, hakumbuki kitu. Mtoe yule msichana moyo wake, na kitabu kimekwisha asubuhi ya pili: angesema alichokiona, basi. Mapenzi ndiyo kufuli, na fumbo lote limefungiwa ndani.

Sisi wa pwani tunayo methali inayoeleza jambo hili kwa maneno machache: mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Watu huisema kwenye harusi wakicheka, lakini mwandishi wa upelelezi aisikilize kwa makini. Anayejificha nyuma ya mlango akakohoa, huyo ameacha dalili. Ila kikohozi hakisemi mtu amejificha kwa nini. Mwenye mapenzi ya siri na mwenye dhambi ya damu wana ishara zile zile. Wote wawili husema walikuwa Likoni na kumbe walikuwa Nyali. Wote huficha simu, hutoa pesa zisizo na maelezo, hushtuka wakiitwa. Mpelelezi anaziona ishara, na kazi yake ni kutambua ni za ugonjwa gani.

Na hapa ndipo mapenzi yanapokuwa na faida kubwa kuliko yote katika fani hii. Ukiwa na washukiwa sita na muuaji mmoja, wale watano wasio na hatia lazima nao wafiche kitu, la sivyo hakuna fumbo. Wafiche nini? Wizi mdogo unafaa kwa mmoja. Deni linafaa kwa mwingine. Lakini siri inayoaminika haraka, na ambayo mtu wa heshima atakubali hata kuwekwa ndani kuliko kuitoa, ni ya mapenzi. Mwanamke atakubali kushukiwa kwa mauaji kuliko kutaja nyumba aliyokuwa saa tatu usiku. Hakuna anayeuliza kwa nini, kila mtu anaelewa.

Ndiyo maana nasema mwandishi wa Mombasa amezaliwa na vifaa mkononi. Mji wetu una adabu kamili ya kuficha na kudokeza. Tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyetunga mashairi mjini hapa mpaka karibu mwaka 1840, watu walisema na wenzao kwa fumbo na wakajibiwa kwa fumbo. Taarabu nayo iko hivyo hivyo. Kwenye harusi mwimbaji anafika ubeti fulani, mwanamke anainuka na noti mkononi kwenda kumtuza, na wenye akili hawamtazami mwimbaji. Wanatazama yule aliyeinuka amemgeukia nani. Wimbo ni wa wote, lakini ubeti ule una mwenyewe. Mpelelezi aliyekaa kwenye kiti cha nyuma atatoka pale na ushahidi ambao kituo cha polisi hakingempa.

Kisha kuna mshenga, anayejua posa zilizokataliwa na sababu zake. Kuna somo, anayefundwa naye mwari na kubaki na siri zake mpaka uzeeni. Na kuna eda. Mume akifa, mjane Mwislamu hukaa eda miezi 4 na siku 10. Hatoki ovyo, na wanaume wasio maharimu hawaingii kukaa kuzungumza naye. Fikiria mpelelezi ambaye shahidi wake mkuu ndiye huyo. Itabidi apitie kwa shangazi, kwa wifi, kwa mtoto anayetumwa dukani, na kila mdomo unaongeza au kupunguza neno. Zaidi ya hayo, posa ya wazi ndani ya eda imekatazwa, ila kudokeza kumeruhusiwa, na jambo hilo limetajwa ndani ya Kurani yenyewe, katika Sura ya Al-Baqara. Basi ikipatikana sahani ya halua iliyoletwa nyumba ya msiba wiki ya sita, pamoja na salamu zenye maneno mazuri mno, mpelelezi anajiuliza: huyu amedokeza kwa adabu baada ya mumewe kufa, au alikuwa akingoja afe? Sahani moja, maana mbili. Hadithi ya mapenzi na hadithi ya mauaji zimekaa juu ya sahani hiyo hiyo.

Hata sheria ya nchi imeweka mapenzi mahali pake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, inayalinda maneno ambayo mume na mke wameambiana wakiwa ndani ya ndoa, ingawa yako makosa ambayo ulinzi huo hauyafuniki. Mwandishi anayejua hilo ana kisa tayari: kijana anaharakisha nikahi na msichana aliyemwona usiku ule. Mtaa unashangilia, wanasema kumbe anampenda kiasi hiki. Na aliyoambiwa msichana kabla ya nikahi je? Ulinzi unaanza na ndoa. Kwa hiyo tarehe ya harusi, ambayo katika hadithi ya mapenzi ni siku ya furaha, katika hadithi ya upelelezi inakuwa mpaka: neno hili lilisemwa upande gani wa mpaka?

Limebaki suala gumu zaidi, nalo ni mpelelezi mwenyewe kupenda. Hapa kushindwa ni kwingi. Akioa, msomaji anahisi safari imefika. Asipooa, kila kitabu kinaleta mwanamke mpya anayesahaulika kitabu kinachofuata, na huyo ndiye Salma wangu wa kwanza. Kwenye riwaya nyingi za ujasusi wanawake hao hugeuka chambo au zawadi, na sioni sababu ya kuyaita hayo mapenzi.

Aliyelishughulikia kwa uaminifu ni Dorothy L. Sayers. Mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, anampenda Harriet Vane akiwa kizimbani, ameshtakiwa kumuua kwa sumu mwanamume aliyewahi kuishi naye. Kitabu hicho ni cha mwaka 1930. Anamwokoa kwenye kitanzi, anamposa, na anakataliwa. Harriet anakubali mwaka 1935, katika kitabu kingine kabisa, na ndoa inasimuliwa mwaka 1937. Miaka yote hiyo kwa nini? Kwa sababu mtu uliyemwokoa roho yake anadaiwa nawe, na mdaiwa hawezi kukubali posa kwa uhuru. Harriet alipaswa kwanza kusimama kwa miguu yake, kufanya kazi yake, kumfikiria Peter kama mtu sawa naye. Sayers alielewa kwamba kufumbua fumbo la mtu ni kuwa na nguvu juu yake, na nguvu hiyo huyaharibu mapenzi. Jambo hili sijaona limeelezwa vizuri zaidi popote, na lilitoka ndani ya fani ambayo watu huidharau.

Kwetu, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alianza njia hii na mpelelezi wake Bwana Msa na rafiki yake Najum, katika riwaya iliyoshinda shindano la uandishi mwaka 1958 na kuchapishwa 1960. Mwaka 1975 akatoa *Mke Mmoja Waume Watatu*, jina ambalo peke yake ni kazi ya mpelelezi na kazi ya kadhi. Ben Mtobwa wa Tanzania alimpa mpelelezi wake Joram Kiango mwenzi, Nuru, na akamwingiza hatarini pamoja naye. Yapo mengi ya kusema juu ya wanawake wa riwaya zile za Dar es Salaam, mazuri na mabaya, lakini Nuru angalau ukimtoa, kitu kinaanguka.

Na pengine hicho ndicho kipimo cha kutambua kitabu ulichoshika ni cha aina gani. Tazama swali la mwisho kujibiwa. Likiwa ni nani aliyeua, mapenzi ni mgeni ndani ya nyumba ya upelelezi, na mgeni huyo apewe jembe. Likiwa ni kama watapatana, basi umeshika hadithi ya mapenzi yenye maiti ndani yake, nayo ni halali, na ina wasomaji wake wengi. Vichache mno ni vile ambavyo maswali mawili yana jibu moja. Daphne du Maurier alifanya hivyo mwaka 1938: mke mpya anateseka akidhani mumewe bado anampenda marehemu mkewe wa kwanza, na siku anayojua kwamba hakumpenda ndiyo siku anayojua alikufaje.

Niliiandika upya hadithi yangu kwa kuvitafuta vitu vyenye maana mbili. Nikapata leso. Nilikwenda Biashara Street asubuhi moja, nikasimama muda mrefu mbele ya duka, nikitazama mafundi. Leso huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoshikana, kila kimoja na pindo lake, mji wake, yaani sehemu ya katikati, na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa. Ukishanunua, fundi huikata katikati na kuikunga. Nilipendezwa na neno hilo, maana kunga ni upindo wa nguo na kunga pia ni siri. Basi nikamfanya marehemu kuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini Kilindini, na ndani ya droo yake kikapatikana kipande kimoja cha leso, kimekungwa kwa uzi wa buluu, kimeandikwa “Ahadi ni deni”. Polisi wanatafuta aliyemdai pesa. Wanazunguka mabenki na maduka ya Mwembe Tayari siku kumi. Maneno yale yalikuwa ahadi ya ndoa. Kipande cha pili anacho Salma, amewekewa na rafiki yake, mke wa siri wa marehemu, naye ameapa kutomtaja. Kwa hiyo Salma anamdanganya mchumba wake. Mchumba anauona uongo, lakini anauona kama mpenzi, hauoni kama mpelelezi. Anadhani kuna mwanamume mwingine.

Nikarudi Kibokoni na bahasha. Shangazi alisoma nikiwa nimekaa pale pale, kwa kuwa nilishindwa kuondoka. Alasiri ikaadhiniwa, akainuka kusali, akarudi, akaendelea. Mahali fulani akasita, akarudi nyuma kurasa kadhaa, akaweka kidole.

“Hapa,” akasema. “Ukurasa wa 31. Yuwamfungulia mlango, na leso amejitanda. Uzi wa buluu. Hiki ndicho kipande cha pili.”

“Ndicho, shangazi.”

“Na mpelelezi hakukiona.” Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake. “Kwani alikuwa yuwatazama uso.”